Jibu: Wimbo wa Roja kwa Kitamil

Salaam ndugu. Umekwama kwa sababu kila ukitafuta wimbo wa filamu ya Roja unaletewa "Dil Hai Chhota Sa", nawe unataka ule wa Kitamil, lugha ya kusini mwa India. Huo wa Kihindi ulitengenezwa filamu ilipotiwa sauti upya kwa Kihindi. Wa asili unaitwa "Chinna Chinna Aasai", wa mwaka 1992. Muziki ni wa A. R. Rahman, maneno ya Vairamuthu, na mwimbaji ni Minmini.

Kwanza angalia lugha ya albamu, maana picha ya jalada huwa inafanana. Mimi hutafuta kwa jina la filamu, mtunzi na neno "Tamil". Jina la wimbo huniangusha, kwa kuwa tahajia za Kilatini hubadilika: Aasai, Asai.

Ukishaupata, rudi nyuma hadi Annakili ya 1976, filamu iliyomtambulisha mtunzi wa muziki Ilaiyaraaja. Msikilize mwimbaji S. Janaki humo, taratibu, kwa spika nzuri. Sauti ile inanigusa sana! Kwa nyimbo mpya za Kitamil anza na mtunzi Anirudh.

Ukikwama tena, weka hapa kipande ulichonacho tukisikilize.