Zulia la mimea kwenye tangi la samaki: majibu ya maswali yenu

Tangi langu ni la lita 60, sitii gesi ya kaboni dayoksaidi. Nilipanda Cuba, mmea mfupi wa kutanda chini kama zulia, ikayeyuka yote kabla ya mwezi kwisha. Je, niliuziwa mimea mibovu? (Dar es Salaam)

Huenda ilikuwa mizima kabisa. Cuba (Hemianthus callitrichoides) ni mmea wa kudeka: unataka taa kali, kaboni dayoksaidi isiyokatika, na maji ya nyuzi 20 hadi 25 hivi. Tangi la sebuleni Dar hushinda kwenye nyuzi 28 au zaidi, na maji ya moto hayashiki gesi vizuri. Halafu mimea mingi ya dukani hukuzwa nje ya maji. Majani hayo ya nchi kavu hufa yakizamishwa hata ukifanya kila kitu sawasawa. Kwa hiyo siku nyingine using'oe haraka. Kata yaliyooza, angalia kama shina bado lina kijani.

Bila gesi, panda Marsilea hirsuta au Cryptocoryne parva. Zote ni za polepole, hesabu miezi. Sagittaria subulata hutambaa kwa kasi, ila mara nyingine hurefuka hadi sentimita 15 na zaidi, na hapo si zulia tena, ni nyasi za porini.

Mchanga wa ufukweni unafaa?

Haufai. Una chumvi, na vipande vya makombe ndani yake huongeza ugumu wa maji siku hadi siku. Mchanga wowote upime kwa siki: ukitoa povu, una chokaa, uache. Tafuta wa mtoni wenye punje za milimita 1 hadi 3, uoshe mpaka maji yatoke safi. Mchanga mtupu hauna chakula, kwa hiyo tandaza kwanza udongo wa bustani usiotiwa mbolea, sentimita 2, kisha mchanga sentimita 3 juu yake. Ukiupunguza, kila unapong'oa mche tope litapanda.

Mtungi wa gesi ni ghali. Hamira na sukari vinatosha?

Kwa tangi la hadi lita 60 au 80, vinatosha. Chukua chupa ya soda ya lita 2, tia sukari gramu 200 na hamira robo kijiko cha chai, jaza maji ya vuguvugu hadi robo tatu. Toboa kifuniko, pitisha mpira wa pampu ya hewa, ziba pembeni kwa gundi. Mpira huo uingie kwanza kwenye chupa ndogo yenye maji kidogo, ndipo utoke kwenda tangini. Chupa hiyo hunasa povu la hamira lisifike kwa samaki. Usibane mpira wala kuuziba kwa namna yoyote, chupa itapasuka. Mchanganyiko hudumu wiki mbili hivi, na kwenye joto la pwani huchemka kwa nguvu siku za mwanzo kisha huisha mapema.

Ubaya wake ni kwamba haizimiki usiku, wakati mimea haitumii gesi. Samaki wakionekana alfajiri wanahema juu ya maji, washa pampu ya hewa kuanzia taa zinapozimwa. Kipimo cha rangi kinachoning'inia ndani ya tangi kikusaidie: buluu ni gesi haba, kijani ni kiasi cha miligramu 30 kwa lita, njano ni hatari. Kinachelewa saa moja au mbili, kwa hiyo usibadilishe chochote kwa kukitazama mara moja tu.

Na taa? Saa 6 zinatosha mwanzoni. Wengi huongeza taa wakiona zulia haliendi, kumbe kinachopungua ni gesi. Taa hiyo ya ziada huliwa na mwani.

Monte Carlo yangu (mmea mwingine wa zulia) ilifunika chini yote, sasa inabanduka vipande vizima.

Hukuikata. Inajipandia tabaka juu ya tabaka. Ikifika sentimita 3 la chini halioni mwanga, linaoza, mizizi inaachia. Zima filta, punguza hadi sentimita 1 au 1.5 kwa mkasi uliopinda, nusu ya zulia leo na nusu wiki ijayo. Okota vipande kwa wavu, badilisha nusu ya maji. Vilivyobanduka vikate vibonge vya sentimita 2, uvipande upya kwa kibanio, ukivisukuma hadi vibaki vichwa tu nje.

Nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika wanaoishi kwenye makombe ya konokono. Naweza kuwawekea zulia? (Kigoma)

Hapana. Samaki hao huchimba mchanga kutwa, mche mdogo hausalimiki. Maji yao pia yana pH (kipimo cha uasidi wa maji) inayokaribia 9, na katika maji hayo gesi huru ni kama haipo. Ukiiingiza unashusha pH na kuwaumiza wenyewe. Weka Vallisneria nyuma ya tangi, uizungushie mawe shinani. Inamea ziwani humo, na hujipatia kaboni kutoka bikaboneti iliyomo kwenye maji magumu.