Kona Hukatwa Tezini: Miguu Ikae Wapi Juu ya Ubao Mrefu wa Mawimbi

Anayeanza kuteleza mawimbini kwa ubao mrefu huwa na lalamiko moja: ubao unakwenda mbele tu, haukati kona. Anageuza kichwa, anarusha mikono kama anayefukuza nyuki, anapinda kiuno, na ubao unaendelea na safari yake hadi mchangani. Ubao hauna kosa. Umeumbwa uende moja kwa moja: futi 9 au zaidi (sentimita 274 kwenda juu), upana wa inchi 22 au 23, unene wa karibu inchi 3, na chini kwa nyuma pezi moja kubwa la inchi 8 hadi 10 linaloshika maji kama mkuku. Ukisimama katikati ya chombo cha namna hiyo na kuegemea upande, uzito wako unatawanyika juu ya ubavu mrefu mno, na ubavu huo hauna haraka ya kugeuka. Ubao mfupi unaweza kuugeuza palepale uliposimama. Mrefu unakudai utembee kwanza.

Tutatumia maneno ya chombo kwa kuwa yanafaa. Omo ni ncha ya mbele, tezi ni ya nyuma, ubavu ni ukingo wa kila upande. Ule mstari mwembamba wa mbao unaopita katikati kutoka omo hadi tezi tutauita uti, na ndio rula yako. Mbao laini za sponji wanazopewa wanaojifunza mara nyingi hazioneshi uti. Chora mstari mwenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika.

Suala hili la miguu ni la zamani kuliko pezi lenyewe. Mbao za Waikiki, Hawaii, zilikuwa tupu upande wa chini hadi Mmarekani Tom Blake alipofunga pezi kwenye ubao mwaka 1935. Kabla ya hapo aliyetaka kugeuka alirudi nyuma akatumbukiza mguu majini, upande anaotaka kwenda, mguu ukawa breki na usukani kwa pamoja. Siku hizi mguu haushuki majini, lakini bado unarudi palepale.

Kazi huanza ungali umelala. Lala kifudifudi kwenye maji matulivu, miguu pamoja, na uangalie omo. Ikae juu ya maji kwa kiasi cha vidole vitatu hivi, kama sentimita 5. Ikiinuka zaidi ya hapo umelala nyuma mno: ubao unasukuma maji badala ya kuyapita, na wimbi litakuacha hata upige mikono namna gani. Ikigusa maji umelala mbele mno, na wimbi likiinua tezi, omo itachoma majini nawe utapinduka. Sogea mbele na nyuma mpaka upate mahali pake, kisha bandika kidonge cha nta juu ya uti, chini ya chembe cha moyo. Hapo ndipo mguu wa mbele utatua ukisimama. Wengi hupuuza alama hii kwa kuona ni mambo ya kitoto. Bila hiyo kila wimbi linakukuta umesimama mahali tofauti, na huwezi kurekebisha kosa ambalo halijirudii.

Mguu upi ukae mbele? Mwambie mwenzako akusukume mgongoni bila kukuonya. Ule unaotangulia kujikinga kwa kawaida ndio wa mbele. Kamba ya usalama hufungwa mguu wa nyuma. Kwa ubao mrefu chagua ile inayofungwa kwenye kigimbi, chini kidogo ya goti, badala ya kifundoni, kwa sababu utatembea na kamba ya kifundoni hujizungusha miguuni. Urefu wake ulingane na ubao au uzidi kidogo.

Unaposimama, viganja viwe bapa kando ya mbavu. Usikamate kingo za ubao: mkono mmoja hauachi kuvuta zaidi ya mwingine, na ubao unalala upande kabla hata hujasimama. Mguu wa mbele utue kwenye alama, vidole vikielekea mbele na pembeni kwa nyuzi 45 hivi. Wa nyuma ukae kimkingamo, karibu nyuzi 90, nyuma ya mwenzake kwa upana wa mabega. Upinde wa kila unyayo uwe juu ya uti. Kosa linaloumiza zaidi ni dogo kulitazama: mguu wa mbele unatua inchi mbili nje ya uti, ubao unaanza kuvuta pole pole upande huo, na mtu anadhani ni wimbi.

Upana wa miguu nao una mtego. Aliyepata hofu hutanua miguu kama mpanda farasi, maana anajihisi imara. Ndiyo, yu imara kama meza, na kama meza hawezi kwenda popote. Miguu iliyotanuliwa haiwezi kuhamisha uzito toka mmoja hadi mwingine, wala kupiga hatua. Ibaki kwenye upana wa mabega, magoti yote yakunjwe, goti la nyuma liingie ndani kidogo, kifua kitazame unakokwenda. Ukitaka kujishusha, kunja magoti. Usipinde kiuno, kwa sababu kichwa kikishatangulia mbele ya vidole, mwili unakifuata.

Sasa umesimama na ubao unateleza. Wahenga wa pwani walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na juu ya ubao mrefu maneno haya huchukuliwa jinsi yalivyo. Ngama yako ni pale kwenye alama, ambapo ubao unakimbia vizuri kwa wimbi hilo. Soma maji ujue kama uko pale. Omo ikiinuka na ubao ukasukuma rundo la maji mbele yake, uko nyuma: piga nusu hatua mbele. Maji yakianza kupanda juu ya omo, rudi nusu hatua. Ukiwa pake, ubao unatulia na mwendo unaongezeka bila wewe kufanya lolote. Kaa na hali hiyo kwa mawimbi mengi kabla ya kuhangaika na kona, maana kona bila mwendo ni breki tu.

Kona yenyewe. Kwenye ubao wa futi 9, mguu wa nyuma ukiwa ngamani uko kama sentimita 90 toka mwisho wa tezi, na pezi liko sentimita 15 hadi 35 toka mwisho huohuo. Kwa hiyo una safari ya takriban sentimita 60, hatua mbili fupi. Mguu wa nyuma urudi, wa mbele uufuate ili upana wa mabega usivunjike, kisha rudia, mpaka kisigino cha nyuma kiwe juu ya pezi. Wiki za mwanzo buruza miguu tu, kupishanisha kutakuja. Anza safari hiyo wimbi likiwa bado linakusukuma. Ukingoja mpaka uhitaji kona, utafika tezini kona imeshapita.

Ukifika, theluthi mbili hivi ya uzito ihamie mguu wa nyuma. Omo itainuka kidogo, na sehemu ya ubavu iliyo majini itakuwa fupi. Hapo ubao mrefu umegeuka kuwa mfupi kwa sekunde chache, na hiyo ndiyo siri nzima. Macho yatangulie kule unakotaka kwenda, kichwa kifuate, mabega, nyonga, kisha magoti ndiyo yakandamize. Ukigeukia upande wa vidole, sukuma magoti mbele juu ya vidole na ukandamize kwa sehemu ya unyayo iliyo chini ya vidole. Ukigeukia upande wa visigino, kaa kama unayeketi kwenye kigoda kifupi, mgongo wima, uzito visiginoni. Upande huu wa pili ndio mgumu kwa wengi, na sababu ni kwamba makalio hutangulia nje ya ubao huku kifua kikilala mbele. Ukiona hivyo, inua kidevu.

Kandamiza kwa mkazo unaoongezeka, usipige teke. Ukisukuma tezi chini wima, bila kulaza ubao ubavuni, omo inapaa, mwendo unakufa na wimbi linapita chini yako. Ukiulaza mno wakati miguu ingali katikati, ubavu wa mbele unakamata maji na unatupwa upande wa ndani wa kona. Mabega yakizunguka peke yake na nyonga zikabaki, hakuna kinachotokea kabisa. Makosa haya matatu ndiyo tunayoyaona siku zote ufukweni, na yote yanatibiwa kwa swali moja: kisigino cha nyuma kilikuwa juu ya pezi au la?

Omo ikishaelekea unakotaka, tembea urudi ngamani mara moja. Hapa ndipo hata aliyekata kona safi huharibu. Anasimama tezini akifurahia, ubao unaketi kitako, na povu linampita.

Kuna njia ya kupunguza kazi: usikate kona kubwa ya kwanza kabisa. Kabla ya kusimama, elekeza ubao kidogo kwenye upande ulio wazi wa wimbi, nyuzi 20 au 30, ukitazama huko. Ukisimama tayari unakwenda sambamba na ukuta wa wimbi. Anza na upande ambao uso wako unalitazama wimbi, yaani wimbi la kulia kwa anayetanguliza mguu wa kushoto (kulia na kushoto huhesabiwa ukitazama ufukwe). Malibu, California, imekuwa shule ya ubao mrefu kwa sababu hiyo: wimbi lake la kulia ni refu na lina subira, mtu anapata muda wa kwenda tezi na kurudi zaidi ya mara moja. Pwani yetu mwamba huzuia mawimbi sehemu nyingi. Malindi umekatika, na mawimbi ya kusi yanaingia hadi ufukweni. Huvunjika ovyo upepo ukivuma toka baharini, basi jaribu asubuhi mapema kabla haujashika. Popote ulipo, hakikisha chini ni mchanga.

Hatua za kupishanisha zijifunzie nchi kavu. Chora mstari wa mita 2.7 kwa chaki sakafuni, weka alama mbili, ya ngama na ya pezi, kisha tembea kati yake: mguu wa nyuma unapita mbele ya mwenzake, unatua juu ya mstari, wa mbele unajitoa. Kurudi ni kinyume chake. Magoti yasinyooke, macho yasishuke miguuni. Usiende omo majini mpaka uweze kufanya hivyo mara 20 bila kutoka kwenye mstari.

Mwisho ni pezi. Mbao nyingi ndefu zina mfereji unaoruhusu kulisogeza. Likiwa nyuma, ubao unatulia na kwenda mnyoofu. Likiwa mbele, unageuka kwa wepesi lakini unateleza tezi. Anza katikati ya mfereji, sogeza nusu inchi kwa siku, na ujaribu mawimbi kadhaa kabla ya kuligusa tena. Kila likisogea, alama ya kisigino nayo isogee.