Usitupe hizo dawa mbele ya kamera

Weka simu chini kwanza. Umesema una miezi mitatu tangu sonona ikuachie, unataka kurekodi video ya kusimulia ulikotoka, na unauliza utumie jina lako au la bandia, uwaombe vipi ruhusa ndugu zako, ya kazini uyaseme au uyaache, na video iwe na urefu gani. Sawa. Ila katikati umechomeka kijisentensi kimoja kama vile si kitu: "mwishoni nitaonyesha pakiti ya vidonge naitupa, watu waone kweli nimepona." Nimekisoma mara tatu. Hiyo pakiti nimeitupa mimi kabla yako, ndugu yangu, tena nikapigiwa makofi.

Mimi ilikuwa ukumbini, watu wamejaa. Nilikuwa nimeumwa mwaka mzima na ushee, dawa nimezianza miezi mitano nyuma, na miezi mitatu ya mwisho nilikuwa nalala, nacheka, napokea simu bila kuiangalia kama nyoka. Siku mbili kabla ya shughuli, mratibu wake alinisikiliza nikifanya mazoezi, akakunja uso. Simulizi ni nzuri, akasema, lakini haina mwisho. Nikamwambia mwisho wenyewe haujafika, bado nameza dawa na mnasihi naonana naye kila baada ya wiki mbili. Akacheka. "Watu hawaji kumsikiliza anayetibiwa. Wanakuja kumsikiliza aliyepona."

Huyu bwana hajasomea hata huduma ya kwanza. Anachojua ni taa, maikrofoni, na machozi yatoke dakika ya ngapi. Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu (wakati huo zilikuwa zimerudi kama robo tatu), nikamwona yeye ndiye mtaalamu na daktari wangu ndiye anayenichelewesha. Nikapanda, nikasimulia, nikafika mwisho nikainua pakiti juu, nikasema "hivi sivihitaji tena", nikaitupa ndani ya ndoo ya taka iliyokuwa pembeni ya jukwaa. Ile ndoo haikuwa pale kwa bahati. Aliiweka yeye.

Ningekuwa na akili ningerudi baadaye kuiokota. Sikurudi. Nilishasema kwa mdomo wangu.

Siku ya tatu nikigeuza macho nasikia kama cheche ya umeme inapita kichwani, tsss, halafu kizunguzungu. Kichefuchefu. Ndoto za ajabu. Hasira ya kumfokea mtu aliyenisalimia. Nikajiambia ni mafua. Baadaye sana ndiyo nikaelezwa kwamba dawa nyingi za sonona ukizikata ghafla mwili unalalamika namna hiyo hiyo, ndani ya siku chache, na ndiyo maana daktari huzipunguza kidogo kidogo kwa wiki au miezi. Zikapita. Wiki ya tatu nikajiona mzima kama kigongo. Na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu ugonjwa wenyewe ukirudi haurudi siku ya tatu. Unakuacha wiki kadhaa, hata miezi, utambe kwanza.

Wangu ulirudi wiki ya saba. Kuamka saa kumi alfajiri na kifua kizito, kisha kuoga kukawa kazi ya kupangia ratiba. Ninachotaka kukuonyesha hasa ni hiki: simu yangu ilikuwa inaendelea kuingiza ujumbe. Watu wananishukuru. Wanauliza nilifanyaje. Nami nimelala upande, pazia limefungwa saa sita mchana, shati la siku ya nne mwilini, chaji asilimia tatu, naandika kwa kidole kimoja: "Usikate tamaa, mimi ni mfano hai." Nilikuwa nawafundisha watu kuogelea huku kidole gumba changu kinatafuta mchanga chini.

Sasa utaniuliza, kwa nini hukurudi hospitali? Nilirudi! Ndiyo sehemu inayonichoma hadi leo. Nilijikokota nikafika, nikakaa kwenye benchi nisubiri jina langu. Dada mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka, akanikazia macho, akatabasamu: "Si wewe uliyetoa ushuhuda? Umekuja kututia moyo?" Benchi zima likageuka. Mkuu, pale ningeweza kusema "hapana dada, nimekuja kama wewe." Maneno matano. Nikasema "ndiyo." Nikasimama, nikatoa nasaha za dakika kumi kwa wagonjwa wenzangu waliokuwa na hali nafuu kuliko yangu, nikapigiwa makofi kwa mara ya pili, nikatoka nje, nikaenda nyumbani bila kumwona daktari.

Cheka tu. Mimi pia huwa nacheka nikiisimulia, isipokuwa usiku.

Ile "ndiyo" ilinigharimu miezi minne. Kazi ilikwenda. Uchumba ulikwenda, ingawa kusema kweli ule ulikuwa unatafuta mlango siku nyingi. Mwishowe dada yangu wa damu ndiye aliyeingia chumbani bila hodi, akanikuta najibu ujumbe wa mtu, akaninyang'anya simu na kusoma kwa sauti nilichokuwa naandika, kisha akanitazama mimi na lile shati. Hakusema neno. Akanitafutia viatu.

Na bado sijakwambia baya zaidi. Katika zile jumbe kulikuwa na moja fupi: "Nimekuona ukitupa zako, nami leo nimetupa zangu. Asante." Niliijibu kwa alama ya moyo. Moyo! Nilipopata nafuu nikamwandikia maelezo marefu, nikamwomba amwone daktari wake, nikamwambia nilidanganya. Ujumbe una tiki moja mpaka leo. Inawezekana alibadilisha namba tu. Huwa najiambia hivyo.

Kwa hiyo ukiniambia unataka "watu waone kweli umepona", mimi simwoni shujaa. Namwona yule mtu mwenye tiki moja.

Daktari niliyerudi kwake hakunigombeza, ningependelea angenigombeza. Alinieleza kwamba dawa hizi huchukua wiki mbili hadi sita kuanza kuonyesha kazi, na ukishajisikia vizuri, kwa kawaida unaendelea nazo angalau miezi sita mingine, na zaidi ya hapo kama ugonjwa umeshawahi kukurudia. Kwamba karibu nusu ya waliougua sonona mara moja huipata tena. Yaani mimi na sarafu iliyorushwa hewani tulikuwa sawasawa, halafu nikapanda jukwaani kutangaza imeangukia upande gani kabla haijagusa sakafu. Na wewe na miezi yako mitatu uko hapo hapo.

Kanuni yangu ni moja, na niliinunua kwa bei uliyoiona: usisimulie hadharani kupona kwako mpaka ugonjwa uwe umerudi kubisha hodi angalau mara moja, na wewe ukajua la kufanya.

Najua inasikika kama nakuombea mabaya. Sisemi uugue upya. Nasema ile wiki mbaya, usingizi umekatika siku tatu mfululizo, simu unaigeuza kifudifudi, sauti ya zamani imeanza kunong'ona. Ukishaivuka wiki kama hiyo ndiyo unakuwa na cha kumpa mtu: nilimpigia nani, nilimwambia maneno gani, saa kumi alfajiri nilifanya nini hadi kukapambazuka. Kabla ya hapo unachosimulia ni furaha ya kutoka hospitali. Furaha halali kabisa, ila aliye kitandani haimsaidii, inamfanya ajione mzembe.

Mnasihi wangu aliniambia kitu ambacho yule mratibu alipaswa kukijua kabla ya kuweka ndoo. Mwaka 2010 watafiti wa Austria walichapisha utafiti kuhusu habari za magazeti zinazogusa kujiua. Habari zilizosimulia mtu aliyefikiria kujiua akakabiliana na hali yake bila kujidhuru ziliendana na vifo kupungua. Wakaiita athari ya Papageno, kwa jina la yule mhusika wa opera ya Mozart aliyekuwa tayari amekata tamaa hadi watoto watatu wakamkumbusha kwamba ipo njia nyingine. Habari za kurudiarudia tukio lenyewe ndizo ziliendana na madhara. Ndiyo maana, kama uliwahi kufika huko, njia, mahali na idadi visitoke mdomoni mwako, hata mwandaaji akubembeleze kwamba "inagusa". Inagusa, ndiyo. Hajui inamgusa nani. Kinachomfaa mtazamaji ni ile sehemu ya kukabiliana, na huwezi kusimulia ulivyokabiliana na jambo ambalo halijarudi kukujaribu.

Halafu kuna Mmarekani mmoja, Clifford Beers. Alitoka hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1903, kitabu cha yaliyomkuta humo kikatoka 1908. Miaka mitano. Na kabla hakijachapwa, mswada ulipita mikononi mwa mwanasaikolojia William James. Simulizi yake ikaja kuanzisha harakati nzima ya kutetea wagonjwa wa akili kule kwao. Mimi nilisubiri miezi mitatu na mswada wangu ukapita mikononi mwa mtu wa taa.

Sikatazi kusimulia. Nimerudi kusimulia mwenyewe, miaka miwili baadaye, kwenye kikundi cha watu wanane wanaougua kama mimi, tumekaa duara, hakuna maikrofoni. Nilianza kwa kusema bado natumia dawa. Mzee mmoja akashusha pumzi kwa sauti, kila mtu akasikia, akasema, "Nilidhani ni mimi peke yangu." Watu wanane tu, bila makofi hata moja. Anza na duara kama hilo, au hata mtu mmoja anayeweza kukukatiza na kukuuliza swali. Kamera haiulizi swali. Inakuacha utambe mpaka mwisho.

Haya, uliuliza na mengine. Jina: tumia la bandia, kwa sababu la bandia unaweza kulibadilisha. Ukitumia jina lako halisi, mwajiri atakayekusaili miaka kumi ijayo ataikuta video kabla hajakukuta wewe. Ndugu zako waonyeshe sehemu inayowataja kabla ya mtu mwingine yeyote, na atakayesema "toa hiyo", itoe, usibishane. Ya kazini sijui, inategemea kama bado uko hapo. Urefu wa video nimesahau uliulizia nini hasa, na kwa kweli sijali.

Ninachotaka kujua mimi ni hizo dawa. Umeandika "nitaitupa", hukuandika kama bado unazimeza au ulishaacha na pakiti ni ya maonyesho tu. Kama ulishaacha, ni lini, na daktari wako anajua? Nijibu hilo kwanza.