Babu hakubatizwa, bibi anauliza kama mtamkuta. Usimjibu haraka kama mimi

Juzi kijana mmoja wa kwaya kanisani kwetu hapa Mbeya alinifata baada ya ibada, kafiwa na mama yake mdogo ambaye alikuwa haendi kanisa lolote, akaniuliza swali moja tu: "Kaka, ma'mdogo ataokoka?" Nikamwambia twende tukanywe chai kwanza. Sio kwamba nilikuwa nakwepa, ila hilo swali mi nishawahi kulijibu mbio mbio na likanigharimu miaka minne, kwa hiyo nikaona bora niandike na hapa, maana najua hayuko peke yake.

Kwetu ni Rungwe, ukishuka Tukuyu unachukua bodaboda unapita katikati ya migomba na chai mpaka basi. Babu alikuwa na wake wawili. Wamisionari wa kanisa la Moraviani kutoka Ujerumani walifika Rungwe 1891, mwaka huohuo na wale wa Misheni ya Berlin, na sheria niliyoikuta inasimuliwa nyumbani ni kwamba mwanaume mwenye wake wawili habatizwi mpaka abaki na mmoja. Bibi zangu wote wawili walibatizwa, yeye hapana. Na mzee alikuwa anaipenda ile injili jamani, nyimbo za Kinyakyusa anazo kichwani zote, Jumapili anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, sadaka anatoa, mabati ya kanisa alichangia, ila ikifika Meza ya Bwana anatoka zake nje anakaa chini ya mti mpaka waimalize. Wakimwambia mzee chagua mmoja, jibu lake lilikuwa hilohilo kila mwaka: "Nimfukuze yupi, huyu aliyenizalia au huyu aliyenizalia?" Akafa hivohivo.

Mi wakati huo niko chuo, nimeokoka kama miezi sita, moto kweli kweli, ule moto wa mtu ambaye hajawahi kufiwa. Msiba wa Kinyakyusa mnaujua, watu wamejaa mpaka kwenye shamba la jirani, ilikuwa mwezi wa saba na ile baridi yetu, kuni zinawaka usiku kucha. Mzee wa kanisa mmoja, na dhehebu lake silitaji, alishasema wao hawatamzika, wataombea wafiwa tu. Basi usiku wa pili bibi mkubwa kanisogelea pale tunapoota moto, akaniambia, "Mume wangu, wewe umesoma. Babu yako tutamkuta?" (Kwa wasiojua, bibi zetu wanatuita wajukuu wa kiume waume zao, ndo utani wetu.)

Na mimi nikafungua Biblia. Nikampa Yohana 14:6, ile ya mtu haji kwa Baba ila kwa njia ya Yesu, nikampa Marko 16:16, nikamwambia bibi tusidanganyane, babu alipewa nafasi akaikataa mwenyewe. Bibi aliangalia moto kwa muda, hakulia, akasema tu "haya", halafu akaniita kwa jina langu la ubatizo. Toka siku hiyo nikawa naitwa hilo jina. Naenda na sukari, naenda na vitenge, anapokea, anashukuru "ndaga fijo", lakini mume wangu ikawa hamna tena.

Sa nikuambie kitu nilichokuja kukigundua baadaye na kikaniaibisha. Marko 16:16 inasema "Aaminiye na kubatizwa ataokoka, asiyeamini, atahukumiwa." Isome taratibu. Ile nusu ya pili haijataja ubatizo. Yani nilichukua mstari nikamhukumia nao mzee aliyeamini maisha yake yote, kwa kosa ambalo mstari wenyewe haujaliandika. Ndo maana ushauri wangu wa kwanza kabisa: kama unataka kutoa jibu la Biblia msibani, hakikisha umeisoma hata wakati hakuna msiba.

Kilichonifungua macho ni chumba tulichopanga Mwanjelwa, hapahapa Mbeya mjini, tulikuwa watatu, mimi, Mkatoliki mmoja wa kwao Tosamaganga kule Iringa, na Msabato. Yule wa Iringa kila tarehe 2 Novemba lazima aende misa kuwaombea marehemu wa kwao, mi nikawa namcheka kwamba aliyekufa kashakufa unamuombea nini, akanieleza habari ya toharani, kwamba kuna watu wanaokufa katika urafiki na Mungu ila bado wanahitaji kutakaswa. Sikukubaliana naye na mpaka leo sikubaliani. Lakini siku nilipomsimulia babu, akaniambia kwao kuna kitu kinaitwa ubatizo wa tamaa, mtu aliyeutaka ubatizo akafa kabla hajaupata, Kanisa linamhesabu. Akaongeza kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1964 uliandika kuwa hata ambaye hakumjua Kristo bila kosa lake mwenyewe, akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, anaweza kuupata wokovu. Halafu akamalizia na hii ambayo iliniacha kimya: Kanisa lao limetangaza watakatifu wengi sana kwa majina, ila halijawahi kutangaza jina la mtu hata mmoja kwamba huyu yuko motoni. Na mimi nilimtangaza babu yangu mzaa baba, tena usiku wa pili wa msiba wake.

Msabato naye alikuwa na lake. Yeye anasema babu sa hivi hayuko popote anapoungua, kalala, hajui lolote, Muhubiri 9:5, atasubiri sauti ya Bwana, na ufufuo uko mara mbili, wa watakatifu kwanza halafu miaka 1000 katikati halafu waovu, Ufunuo 20. Nikamuuliza, na yule mwizi msalabani, si aliambiwa leo hivi utakuwa nami peponi? Kumbe hiyo wanayo siku nyingi, wanakwambia koma imekaa pabaya, isomeke "nakuambia leo", utakuwa nami peponi, sababu maandiko ya kale ya Kigiriki hayakuwa na koma. Tulibishana ile koma mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Mashahidi wa Yehova walikuwa wanapita Jumamosi, nao wanasema wa kwenda mbinguni ni 144,000, wengine wataishi hapahapa duniani ikiwa paradiso, na waliokufa bila kumjua Mungu wengi watafufuliwa wafundishwe. Mlutheri atakwambia ni neema kwa imani basi, matendo hayakununulii kitu. Walokole wenzangu wanashika Warumi 10:9, ukiri kwa kinywa uamini moyoni, na unyakuo, ile siku Bwana atawachukua walio wake, uko karibu. Wanaofuata mafundisho ya Calvin, yule mwanamatengenezo wa kanisa wa karne ya 16, wanasema Mungu alishachagua toka mwanzo nani ataokoka. Siandiki haya ili uchanganyikiwe au uone dini zote sawa, mi siamini kwamba zote ziko sawa. Naandika kwa sababu watu wengi wanaosimama msibani na kusema "Biblia inasema" hawajui hata kanisa lao wenyewe linafundisha nini, wanachanganya Usabato kidogo, na mahubiri ya redioni, na maneno ya bibi wa jirani. Kwa hiyo kabla hujambishia mtu, mtafute mchungaji wako siku ya kawaida, muulize kabisa, sisi tunafundisha nini kuhusu aliyekufa bila ubatizo? Kuhusu mtoto mchanga? Wengine watakujibu vizuri mpaka ushangae, na wengine watakwambia tuombe, hapo ujue hajui.

Kuna sehemu moja ambayo karibu wote wanakutana na tunaisahau. Msibani tunaongea roho tu, roho imeenda, roho imepumzika, kana kwamba mwili ni gunia tumelitupa. Lakini Kanuni ya Imani inataja ufufuko wa miili, na Yohana 5:28-29 Yesu anasema wote waliomo makaburini wataisikia sauti yake nao watatoka, waliofanya mema kwa ufufuo wa uzima na waliotenda mabaya kwa ufufuo wa hukumu. Wote. Kufufuka sio zawadi ya waliookoka peke yao, swali ni unafufukia wapi. Wamoraviani hili wanalijua kwa miguu, ile ibada ya Pasaka alfajiri makaburini ilianza Herrnhut kule Ujerumani mwaka 1732 ikasafiri na wamisionari, na kama hujawahi kusimama makaburini Rungwe saa kumi na moja asubuhi, ukungu umeshuka huoni mtu wa mbele yako, halafu tarumbeta zinaanza, wewe hujaijua Pasaka bado.

Ni Pasaka ndo iliyonirudisha kwa bibi. Mwaka wa nne nilienda ile ibada, nikatoka pale na viatu vya matope mpaka nyumbani, nikamkuta bibi mkubwa yuko kwenye migomba karibu na kaburi la babu, anafagia majani, na anamsalimia. "Ugonile." Ile salamu yetu ya asubuhi, inauliza umelala? Nimeisema maisha yangu yote sijawahi kuisikia. Paulo kwenye 1 Wathesalonike 4 anawaita waliokufa wamelala, na mi nilisoma hiyo sura mara ishirini na kitu nikitafuta unyakuo tu.

Nikamwambia bibi nilikosea. Na hapa ushauri mwingine, ukienda kuomba msamaha wa jambo kama hili usianze kujielezea, mara nilikuwa mdogo, mara nilimaanisha hivi. Sema nilikosea, nyamaza. Pia sikumwambia babu yuko mbinguni, maana hilo nalo lingekuwa ni kulekule kukaa kwenye kiti ambacho si changu, nimehamisha hukumu tu. Nilimsomea Luka 13:23, mtu anamuuliza Yesu je, wanaookolewa ni wachache? Na Yesu hakumpa namba wala majina, alimwambia jitahidini kuingia mlango ulio mwembamba, yani anauliza habari za wengine anarudishiwa ya kwake. Nikamsomea na Mwanzo 18:25, Ibrahimu anasema, "Je! Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Bibi akaniambia hiyo rudia. Nikarudia. Akasema, na Kyala kwetu ndo Mungu, "Basi Kyala anamjua. Alikuwa anakaa pale mlangoni kila Jumapili, atakuwa alimwona."

Ndo nilichomwambia yule kijana wa kwaya kwenye chai, kwamba nenda nyumbani, pasua kuni, chota maji, kaa na wafiwa, wakikuuliza sema ma'mdogo yuko mikononi mwa Mungu mwenye haki na mwenye huruma, hiyo sio kukwepa, ndo mwisho wa tunachokijua. Na kama una ndugu yuko hai na unaogopa wokovu wake, mpigie simu leo, sio useme kwenye kaburi lake ulichoshindwa kumwambia mezani. Aliniuliza, sasa mchungaji akisema vingine pale makaburini? Nikamwambia mchungaji atapanda gari ataondoka, wewe ndo utabaki na ndugu zako.

Na bibi? Siku ile tulivyomaliza kusoma kanitazama akauliza, sasa siku hiyo tukifufuliwa, huyu mzee atakuwa wa nani, wangu au wa mwenzangu? Nikamwambia Masadukayo, wale Wayahudi waliokataa ufufuo, waliuliza swali kama hilo, Yesu akajibu watakapofufuka hawaoi wala hawaolewi. Alicheka mpaka akashika mgongo, akamwita bibi mdogo aliyekuwa barazani anamenya ndizi: "We, njoo usikie, huyu mume wetu mdogo anasema kule hatutampikia mtu!"