Kabla Mzazi Hajatia Saini: Mkopo wa Benki na Udaktari wa Ng'ambo

Mkopo wa benki wa kusomea udaktari ng'ambo hapewi mwanafunzi. Naanza na hilo kwa sababu vijana wengi wanaofika kwenye meza yangu hapa Nairobi, wenye digrii ya bayolojia, uuguzi au famasia na barua ya kukubaliwa na chuo cha Ireland, Uingereza au Australia, hudhani benki itaisoma barua ile na kushawishika. Benki husoma hati ya mshahara ya mama na hatimiliki ya baba. Anayekopa ni mzazi, anayekatwa ni mzazi, na makato huanza mwezi unaofuata, miaka mingi kabla hujaitwa daktari.

Nimekuwa afisa wa mikopo kwa muda mrefu, na kwenu mnaoanza safari hii nina ombi moja: pesa za benki ziwe za mwisho kutafutwa, za kuziba pengo ambalo mnalijua ukubwa wake. Msianze nazo.

Tazameni hesabu. Mzazi akikopa Sh3 milioni kwa riba ya asilimia 15, inayohesabiwa kwenye salio linalopungua, alipe kwa miezi 72, atakatwa takriban Sh63,400 kila mwezi. Mwisho wa yote atakuwa amerudisha karibu Sh4.57 milioni, kabla ya ada za benki na bima. Sheria ya Ajira hairuhusu makato yazidi theluthi mbili ya mshahara, kwa hiyo mama mwenye mkopo mwingine wa Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, huenda asiufikie hata huo. Halafu kuna umri. Mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60, na benki hutaka deni la mshahara liishe kabla ya hapo. Mama wa miaka 56 ana miaka minne tu ya kulipa, na makato yake ya mwezi yatapanda sana.

Sasa geukieni upande wa karo. Kozi ya miaka minne kwa waliokwisha kuhitimu digrii ya kwanza, kama ile ya Ireland, humtoza mwanafunzi kutoka nje ya Ulaya zaidi ya euro 50,000 kwa mwaka katika vyuo vingi. Euro ikiwa Sh150, hizo ni Sh7.5 milioni, bila chumba wala chakula. Zile milioni tatu zilizomfunga mzazi miaka sita hazifiki nusu ya mwaka wa kwanza. Hapo ndipo nasikia, "Tuanze tu, Mungu atafungua njia." Mimi pia ni mwombaji. Lakini mwaka wa pili una karo yake, na chuo kisipolipwa humsimamisha mwanafunzi, na viza yake huwa hatarini. Kijana hurudi nyumbani bila cheti, na deni likabaki lote. Hakuna faili linaloniumiza kama hilo.

Shilingi nayo ina mambo yake. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa karibu Sh113. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imegonga Sh160, kisha mwaka huohuo ikashuka hadi karibu Sh129. Aliyepangiwa karo ya dola 40,000 alihitaji Sh4.5 milioni mwanzoni, na miaka miwili baadaye karo ileile ikamdai Sh6.4 milioni. Mshahara wa mzazi haukupanda hivyo. Mkipiga bajeti ya miaka minne, ongezeni angalau robo kwa ajili ya shilingi, na nyongeza nyingine kidogo kwa sababu vyuo vingi hupandisha karo kila mwaka. Kama bajeti haivumilii nyongeza hiyo, basi haijatosha.

Kuhusu shamba, hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa nyinyi vijana, kwa kuwa baba hatawaambia anachokihofia. Kuiweka ardhi rehani kuna gharama kabla ya senti ya kwanza kutoka: tathmini, wakili, ushuru wa stempu. Kama ni shamba la kilimo, lazima Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ikubali. Kama ni boma la ndoa, mwenzi lazima aridhie kwa maandishi, na mimi huomba mama aje mwenyewe, akae, aelezwe kwa lugha anayoielewa, kisha arudi nyumbani akalale na wazo hilo kabla ya kutia saini. Malipo yakikwama, notisi ya kwanza ni ya siku 90, kisha ya kuuza ni siku 40, kisha dalali hutoa yake ya siku 45. Inaonekana ni muda mrefu. Kwa familia inayosubiri mtoto amalize mwaka wa tatu Dublin, ni mfupi mno. Ardhi ambayo wadogo zako wanalala juu yake isiguswe. Kama kuna ploti ya pembeni isiyotumika, afadhali kuiuza mapema kwa bei mnayoitaka kuliko kuikopea.

Wanaokwenda Uingereza wakumbuke kwamba pesa za viza lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Mkopo wa kawaida wa mzazi ukitolewa mapema ili utimize masharti hayo, riba inakimbia huku pesa zimelala. Ada ya huduma za afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, nayo hulipwa yote kwa pamoja wakati wa kuomba viza. Familia nyingi huisahau.

Marekani ina uvumi wake. Binamu aliye Texas atakwambia wanafunzi wa udaktari kule hukopa bila dhamana. Ni kweli kwa raia na wenye ukaaji wa kudumu, maana mikopo ya serikali kuu ni yao. Wewe utatafuta mkopo wa kampuni binafsi, na nyingi zitataka raia au mkaaji wa kudumu adhamini. Huyo binamu akitia saini, deni ni lake pia, na kulifuta si rahisi. Vyuo vingi vya udaktari huko havipokei wageni kabisa, na baadhi ya vinavyowapokea hutaka karo ya miaka kadhaa iwekwe kwenye akaunti maalumu kabla hujaanza.

Na digrii yako ya kwanza je, ilisomwa kwa mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu? Panga malipo kabla ya kupanda ndege. Faini ya kutolipa ni Sh5,000 kwa mwezi, na jina likifika CRB, wanakowekwa kwenye kumbukumbu wasiolipa madeni, litakufuata utakaporudi.

Kabla ya yote hayo, andikieni Baraza la Madaktari, KMPDC, muulize kuhusu chuo chenyewe na sifa zako za kujiunga. Aliyesomea nje hufanya mtihani wa Baraza ndipo apelekwe kwenye mafunzo ya uanagenzi hospitalini. Kisha kuna kusubiri nafasi, na kuna suala la malipo. Mkataba wa 2017 uliwapa madaktari wanagenzi Sh206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikataka kuwapa Sh70,000, na jambo hilo lilikuwa kiini cha mgomo wa siku 56. Malipo kama hayo hayangebeba yale makato ya Sh63,400. Kwa hiyo msipige hesabu ya mzazi kupumzika mwaka ule utakapohitimu. Ongezeni miaka miwili mbele.

Ninachowashauri wengi ni kufanya kazi kwanza na kujiunga na Sacco. Sacco nyingi hukopesha mara tatu ya akiba yako. Muuguzi anayeweka Sh30,000 kwa mwezi kwa miaka miwili ana Sh720,000, na anaweza kuomba Sh2.16 milioni kwa jina lake mwenyewe, mara nyingi kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Wadhamini wake wajue kwamba akishindwa, akiba zao ndizo zitakazokatwa, na ajue pia atalipa kwa njia gani akiwa darasani. Pamoja na ufadhili wa chuo na mchango wa jamaa, kiasi hicho hupunguza sana kile ambacho mzazi ataombwa. Kama barua ya kukubaliwa tayari iko mkononi, kiulize chuo wiki hii kama kitakushikia nafasi hadi mwaka ujao, na jibu lije kwa maandishi.