Wifi alinicheka, Jumapili akairudia meza mara tatu

Jumapili iliyopita niliita watu 12 nyumbani kwa ile chai ya saa tano inayoungana na chakula cha mchana. Mpaka leo bado natabasamu. Lakini kwanza niwaambie ya mwaka jana.

Mwaka jana nilitenga meza ili kila mgeni ajipambie kinywaji chake. Nilikuwa nimeiona hotelini, nikasema kwani mimi nashindwa nini? Ndimu nilizikata usiku, asubuhi zimesinyaa. Mnanaa niliulaza kwenye sahani, ukanyauka kabla hata ya hodi ya kwanza. Balaa lenyewe likawa kisahani cha chumvi na pilipili. Nilikiweka mwisho wa meza kwa sababu pale kilipendeza. Watu wanakifikia glasi zimeshajaa, sasa mdomo wa glasi utauchovyaje? Mmoja akajaribu. Juisi ya ukwaju yote ikaishia kwenye kitambaa cheupe alichonipa mama mkwe. Wifi akauliza kwa sauti, "Jamani, tumeitwa kunywa au kufanyiwa mtihani?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Moyoni sikucheka, na sijasahau.

Basi wapenzi, panga meza kwa kufuata mkono wa mgeni. Glasi tupu kwanza. Kisha kipande cha ndimu cha kupaka mdomo wa glasi, na hapo hapo kisahani: mimi huchanganya vijiko viwili vya chumvi, kimoja cha sukari na nusu ya pilipili ya unga. Halafu barafu na koleo lake, ndipo majagi ya kinywaji. Moja lina Konyagi, jingine halina, na yaandike kwa herufi kubwa, maana kuna wasiokunywa na kuna watoto. Mapambo yaje mwisho kabisa: limau, tango, nanasi kwenye vijiti, mnanaa uliosimama kwenye kikombe cha maji kama maua. Asali pia. Wakenya na kile kinywaji chao kiitwacho Dawa, cha vodka, ndimu na asali, wanajua utamu wa kijiti kilichochovywa asali.

Ndimu kata saa moja kabla, si usiku. Narudia, si usiku. Funika kila kitu kwa kawa, nzi hawahitaji kadi ya mwaliko.

Na acheni kuiga hoteli! Kilichoisha kwanza Jumapili ni embe mbichi, vile vipande vyembamba tulivyokula na chumvi na pilipili getini shuleni. Mtu mzima na tai yake anachomeka embe kwenye glasi huku anasimulia darasa la nne. Tunahangaika na matunda ya kopo ya bei mbaya wakati embe ziko hapo sokoni. Tujithamini, jamani.

Wifi alikuja. Alizunguka meza mara tatu kimya kimya. Wakati wa kuondoka nikaona kopo langu la chumvi ya pilipili linachungulia kwenye mkoba wake. Nikamfungulia geti.