Kadi ya dada yangu

Mmeuliza wiki hii, matiti ya bandia yakibainika ni mabovu nani alipe. Mimi jibu nilikuwa nalo siku nyingi: aliyeyaweka alipe. Kliniki ndo ilikula hela, kliniki itapike, basi.

Ila nikikumbuka ya dada yangu naona hata swali lenyewe limekaa upande. La kwake la kushoto lilipasukia ndani, silikoni ikavuja mpaka kwapani, akawa na uvimbe kama harage, ukiugusa unateleza. Nikamsindikiza kliniki. Alikuwa na ile kadi wanayokupa baada ya upasuaji, ndogo tu, ina stika yenye namba za kipandikizi, ameitunza miaka tisa kwenye bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya wanawe. Akaiweka kaunta. Binti wa mapokezi akaisoma mbele na nyuma, akaingia nayo ndani, tukakaa pale karibu saa nzima, dada kakumbatia mkoba kifuani, binti akarudi akasema daktari aliyekufanyia hayupo tena, kliniki ina wenyewe wapya, mwandikieni mtengenezaji. Akamrudishia kadi kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, na hiyo adabu ndo inayoniuma mpaka leo. Dada akairudisha kwenye bahasha, hakusema kitu, tulipofika kwenye ngazi ndo akaniuliza, "Mdogo wangu, kwani mimi nimeomba nini?"

Haya, huyo mtengenezaji. Mnaikumbuka PIP ya Ufaransa, iliyojaza silikoni ya viwandani kwenye matiti ya watu mpaka wakaguzi wakaibaini 2010. Mwenyewe, Jean-Claude Mas, alihukumiwa miaka minne jela 2013, lakini kampuni ilishafilisika, utamdai nani? Wanawake wakaigeukia TÜV Rheinland, kampuni ya ukaguzi ya Ujerumani iliyoipa PIP cheti cha ubora, kesi ikaburuzwa weee, mpaka 2021 mahakama ya rufaa ya Paris ndo inasema ndiyo, mlizembea. Miaka kumi na moja, na silikoni ikishavuja haingoji hukumu.

Ndo hapo nalegea kidogo. Mwisho wa 2011 serikali ya Ufaransa iliwashauri wanawake kama 30,000 wayatoe, bima ya umma ikalipia kuyatoa, ila mapya ikawalipia tu waliojengewa titi baada ya saratani. Wakati ule niliona ni uonevu. Sasa nakubaliana nao, karibu. Kutoa ni matibabu, hazina ilipe leo leo, halafu serikali yenyewe ndo iwaandame kliniki, kampuni za bima na waliogonga muhuri, iwadai, maana yenyewe ina mawakili, dada yangu ana bahasha. Mapya mtu ajilipie.

Dada alikopa akayatoa, mapya hakuweka. Ngozi imebaki imelegea, blauzi za shingo pana kazigawa zote, na mimi ninayeandika hapa mtu ajilipie, kumwambia yeye usoni sijaweza.